Ukurasa Mtupu

Barua ya chifu inatoka safi. Wasifukazi wa kijana anayeomba kazi unaangusha draiva ya printa hata kabla karatasi haijavutwa. Kompyuta ni ileile ya Linux, printa ileile, saiba ileile ya hapa Nyamarambe. Wengi wangezima kila kitu na kuwasha tena, au wangefuta draiva na kuiweka upya. Fundi wa saiba hii hakufanya hivyo, na heshima yangu kwake inaanzia hapo.

Kwenye Linux kazi za kuchapa husimamiwa na CUPS, mfumo wa Michael Sweet uliotolewa mwaka 1999. Faili hupita kwenye vichujio, kimoja kikikabidhi kingine, mpaka ibaki safu za nukta ambazo printa inazielewa. Fundi aliiamuru CUPS iandike kila hatua, akasoma logi yote: kichujio cha mwisho, ambacho ndicho draiva, kilikufa kwa ishara 11, yaani kiligusa kumbukumbu isiyo yake. Akaanza kupunguza, kama wachongaji wa Tabaka wanavyopunguza jiwe. Alitoa picha, kikaanguka. Alitoa maandishi yote, akatuma ukurasa mtupu. Kikaanguka! Sijaona hatua nzuri kuliko hiyo. Yaliyoandikwa yaliondolewa lawama kwa mpigo mmoja, ikabaki karatasi yenyewe. Wasifukazi ulipangwa kwa Letter, upana wa milimita 216. Barua ya chifu kwa A4, milimita 210.

Mwenye pupa angeishia hapo. Lakini programu inayoharibu kumbukumbu mara nyingi huangukia mbali na ilipokosea, kwa hiyo aliiendesha ndani ya Valgrind, inayokamata kosa papo hapo linapotendeka. Ukajitokeza mstari mmoja wa msimbo, uliotenga nafasi ya safu ya A4 pekee. Kwa nukta 600 kwa inchi, milimita hizo sita ni takriban nukta 140 zilizomwagika nje.

Bahati ni kwamba msimbo wa draiva ulikuwa wazi. Si kila mtu huipata bahati hiyo. Richard Stallman aliwahi kunyimwa msimbo wa printa ya maabara yao pale MIT, kisa anachokisimulia anapoeleza kilichompeleka kuanzisha mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983.

Kijana alibadilishiwa hati iwe A4, akaenda zake. Fundi alibaki akiurekebisha mstari ule usome upana halisi wa karatasi, akajaribu A4, Letter na A5, kisha akawaandikia watunzaji wa draiva: toleo lake, ukubwa wa karatasi, na amri ya kuirudia ajali hiyo kwenye mashine yoyote.