Nishani ya Nyama Iliyoganda

Nilisoma Kijerumani mihula miwili kabla ya kuachana na chuo. Mengi yamenitoka, lakini kuna namba haijanitoka: 08/15. Mjerumani akikwambia filamu fulani ni 08/15, anamaanisha ni ya kawaida tu, haina ladha. Namba yenyewe ni ya bunduki. MG 08/15 ilikuwa rashasha ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ile ya 1908 iliyopunguzwa uzito 1915. Inasemekana wanajeshi walifanyishwa mazoezi nayo kila siku mpaka ikawachosha. Hebu fikiria: chombo cha kuua watu kikawa neno la kusema kitu kinaboo.

Shida yangu ni jinsi misemo hii husimuliwa, kama vichekesho tu. Gulaschkanone, mzinga wa mchuzi, ni jiko la jeshi lenye magurudumu. Heimatschuss, risasi ya nyumbani, ni jeraha la kutosha kukurudisha kwenu ukiwa hai. Kali, ama? Sasa lisome tena hilo la pili. Kijana anatamani kupigwa risasi, na hawezi kulisema bila kuitwa mwoga ila kwa mzaha.

Lakini linalonikosesha raha ni Gefrierfleischorden. Waliopigana upande wa mashariki katika baridi ya 1941/42 walipewa medali, wakaibandika jina: nishani ya nyama iliyogandishwa. Utani huo unawachapa hata wakubwa waliowatuma huko bila nguo za kutosha za baridi. Nilicheka. Halafu nikakumbuka kwamba baridi hiyohiyo, jeshi hilohilo lilikuwa limeuzingira mji wa Leningrad, raia wakifa njaa. Kwenye utani huu nyama ni askari peke yake. Aliyevamiwa hayumo kabisa.

Hiyo ndiyo kasoro ya lugha ya mahandaki. Inajua sana uchungu wa anayeongea, na inanyamaza kuhusu anayelengwa na bunduki yake.

Nasi tusijifanye wasafi. Kariokor ni Carrier Corps, wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika vita dhidi ya Wajerumani hapa kwetu. Maelfu kwa maelfu hawakurudi. Leo tunamwambia makanga, "Nishushe Kariokor," anagonga mbao, tunashuka kutafuta nyama choma.

Hiyo ndiyo 08/15 yetu.