Hongera kwa Wanaozikumbuka Kompyuta Kuukuu
Kompyuta kuukuu inayotumia toleo la zamani la mfumo endeshi wa Debian inaweza kumtosha mwenye duka la steshenari Kyela: kuchapa barua za maombi ya kazi, fomu za shule, orodha za wakulima wa kokoa. Inaweza kwa sababu wapo watu, wengi wao wa kujitolea, wanaoendelea kuitengenezea programu.

Kazi yao inataka subira. Programu iliyojengwa kwenye mfumo mpya hutafuta maktaba za msimbo ambazo mfumo wa zamani hauna. Ikizikosa, inagoma kufunguka. Kwa hiyo mafundi hutenga chumba safi ndani ya kompyuta yao, wakaweka humo toleo la zamani na vile tu ambavyo programu imetaja kuvihitaji. Hujenga humo, husoma makosa mstari kwa mstari, hurekebisha, kisha hufuta chumba na kuanza upya. Kila toleo na chumba chake. Na toleo hutunzwa kwa miaka: Debian 11, iliyotoka Agosti 2021, ilipangiwa marekebisho ya usalama hadi Agosti 2026.

Kuanzia Kyela mjini hadi Matema, mashine inayodumu ni ada ya mtoto iliyookolewa. Mafundi hawa tunawadai kidogo. Wao wanatudai shukrani nyingi. Hongereni, na msichoke.