Sifa ya Beki

Kazi ya mhakiki ni kupima, na kila kitu kina kipimo chake. Nafaka hupimwa kwa pishi, nguo hupimwa kwa yadi, na safari hupimwa kwa maili. Mtu akileta pishi kupima nguo atachekwa, ingawa pishi lenyewe halina kasoro; kosa ni lake aliyelileta mahali pasipo pake. Kosa la namna hiyo latendeka kila juma katika viwanja vyetu vya mpira. Mshambuliaji hupimwa kwa mabao aliyoyafunga, nacho ni kipimo cha haki. Kisha kipimo kile kile huchukuliwa kumpima beki, naye huonekana kana kwamba hakufanya kitu.

Nataka basi, msomaji, tutazame pamoja kazi ya mchezaji mmoja, Dorcas Shikobe, beki wa kati aliyepata kuwa nahodha wa Harambee Starlets, timu ya taifa ya wanawake wa Kenya. Sikumchagua kwa sababu hana mwenziwe katika Afrika. Nimemchagua kwa kuwa kazi yake yatulazimisha kujibu swali gumu: je, mtu aweza kusifiwa kwa haki kwa ajili ya mambo ambayo hayakutokea?

Wewe unayesoma haya katika shule ya Kisii au ya Nyamira unayo sababu yako ya kulifikiri swali hili. Watu wa milima hii si wachoyo wa sifa. Jina la Naftali Temu, aliyeshinda mbio za mita 10,000 katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na kuipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki, lingali likitajwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa siku ile. Shabana iliporudi katika ligi kuu mwaka 2023, Kisii nzima ilifurahi, na Uwanja wa Gusii ukapata tena shangwe zake za zamani. Furaha hizo ni njema. Lakini tazama zimesimama juu ya nini. Mkimbiaji hutangulia wenzake, na kila mwenye macho humwona. Mfungaji hutikisa wavu, na hata aliyekuwa akinunua njugu nje ya ua hujua ya kuwa jambo limetendeka. Sifa hizo hutolewa na macho na masikio. Sifa ya beki yataka akili ifanye kazi kwanza.

Na beki akiwa msichana, hasara yake huwa maradufu. Mimi hufundisha katika chuo cha walimu, na mara nyingi nimesikia vijana watakaokuwa walimu kesho wakipanga timu za wasichana. Mwenye mbio huwekwa mbele, mwenye chenga huwekwa katikati, na yule aliyesalia huambiwa, “Wewe kaa nyuma.” Maneno hayo matatu yana hukumu ndani yake. Yasema ya kwamba nyuma ni mahali pa mabaki. Msichana aliyeambiwa hivyo katika darasa la sita hukua akiamini kwamba hakuna cha kujifunza pale alipowekwa, na asiyeamini kwamba kuna cha kujifunza hajifunzi.

Je, kuna nini cha kujifunza? Kiko kingi. Beki wa kati, ambaye wazee walimwita senta-hafu, hutazama vitu viwili kwa wakati mmoja: mpira, na adui asiye na mpira. Wa pili ndiye mwenye hatari zaidi, maana mpira haujifichi, bali mtu hujificha. Hapana budi ajue ni lini asogee mbele pamoja na wenzake ili mshambuliaji abaki ameotea, na ni lini arudi nyuma. Hapana budi ajizuie asiurukie mpira kwa pupa, bali amsukume adui pole pole kuelekea pembeni, kwenye mguu wake dhaifu, mpaka nafasi ya kupiga ipotee. Tena husema muda wote, kwa kuwa yeye huona uwanja mzima mbele yake, hali wenzake wengi wameupa mgongo. Watazamaji hupenda kumwona beki akijitupa chini na kuunyakua mpira miguuni mwa adui. Jambo hilo lapendeza, lakini mara nyingine huwa ni ushahidi kwamba alichelewa. Aliyesimama mahali pake mapema hana haja ya kujitupa.

Ukitaka mfano wa karibu, nenda Tabaka, ukamtazame mchongaji wa mawe ya sabuni. Kazi yake yote ni kuondoa. Hupunguza hapa, hukwangua pale, na miguuni pake hujaa vipande na vumbi. Mnunuzi husifu kiboko au sahani iliyobaki. Hakuna aulizaye habari za vumbi. Beki naye huondoa. Huondoa pasi ambayo ingefika, huondoa nafasi ambayo ingepatikana, huondoa shuti ambalo lingepigwa. Jioni hubaki tarakimu moja tu, nayo ni sifuri. Tofauti ni kwamba mchongaji huonyesha sahani yake sokoni, bali sifuri haiuzwi sokoni.

Sasa tuingie katika ushahidi. Mwaka 2016 Kenya ilifuzu kwa mara ya kwanza kucheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake, zilizofanyika Cameroon. Shikobe ni wa kizazi hicho. Furaha ya kufuzu ilikuwa kubwa, lakini uwanja haukuwa na huruma. Ghana iliwafunga Wakenya 3 kwa 1, Mali 3 kwa 1, na Nigeria 4 kwa 0. Katika michezo mitatu mabao 10 yaliingia. Hata katika mchezo wa Ghana, Kenya ndiyo iliyotangulia kufunga, kwa bao la Esse Akida, kisha ikashindwa kulilinda. Mhakiki asiyetaka kumwudhi mtu angepita upesi juu ya habari hizi. Mimi nasema tuzishike, kwa kuwa bila ya kujua kidonda kilikuwa wapi hatuwezi kujua kama kilipona.

Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2019, Kenya ilikutana tena na Ghana, katika kutafuta nafasi ya Olimpiki. Mchezo wa kwanza ulichezwa Accra, ukaisha 0 kwa 0. Wa pili ulichezwa Kenya. Dakika 90 zikapita tena bila bao, na katika muda wa nyongeza Mwanahalima Adam akafunga bao moja lililoitoa Ghana. Jina la Mwanahalima lilitajwa kila mahali, na lilistahili. Lakini hebu tupige hesabu. Dakika 90 za Accra na dakika 120 za nyumbani ni dakika 210. Katika muda huo wote timu iliyoifunga Kenya mara tatu mwaka 2016 haikupata hata bao moja. Bao la Mwanahalima lingekuwa na thamani gani kama sifuri ile isingalikuwako? Bao lilikuwa paa la nyumba, na paa haliezekwi hewani.

Mwezi uliofuata mambo yaligeuka. Zambia ilipata sare ya 2 kwa 2 nchini Kenya, kisha ikashinda 1 kwa 0 kwao, na njia ya Olimpiki ikafungwa. Naliandika hili pia katika daftari la hesabu. Mabao mawili uliyofungwa nyumbani ni deni ambalo ni vigumu kulilipa ugenini.

Mwezi huo huo wa Novemba 2019 timu ile ilikwenda Dar es Salaam, katika uwanja wa Chamazi, kucheza Kombe la CECAFA la wanawake, Shikobe akiwa nahodha. Iliifunga Ethiopia 2 kwa 0, Djibouti 12 kwa 0, Uganda 3 kwa 0, Burundi 5 kwa 0, na katika fainali Tanzania 2 kwa 0, mabao yote mawili yakitiwa na Jentrix Shikangwa. Mabao 24 yalifungwa, na hakuna hata moja lililoingia katika lango la Kenya. Kwa macho ya haraka huu ndio upeo wa sifa za Shikobe. Lakini hapa nakuomba, msomaji, uwe mwangalifu. Sifuri zote hazina uzito mmoja. Katika mchezo wa mabao 12 beki hukaa kama mlinzi wa ghala ambalo mwizi hakulijua. Sifuri ya Uganda ni nzito kuliko ya Djibouti, sifuri ya fainali mbele ya watu wa nyumbani kwa adui ni nzito kuliko ya Uganda, na ya Accra, kwa maoni yangu, yazishinda zote, ingawa haikuleta kombe. Ajifunzaye kupima mabeki na aanze hapo: asihesabu sifuri tu, bali aulize zilipatikana mbele ya nani.

Najua neno utakalonijibu. Utasema: “Mpira huchezwa na watu kumi na mmoja. Sifuri ni ya mlinda lango, ni ya mabeki wenzake, ni ya wachezaji wa kati waliorudi kusaidia. Kwa nini umpe mmoja?” Neno lako ni la haki, na mhakiki asiyelikubali ni mpiga debe. Lakini fikiri kazi ya nahodha aliye nyuma. Yeye hupanga wengine: wewe sogea, wewe rudi, wewe mshike yule. Sehemu kubwa ya ustadi wake huonekana katika miguu ya wenzake. Kwa hiyo tukimsifu twawasifu na wao, na tukiwasahau wao tumemsahau na yeye. Katika kazi hii sifa haigawanyiki kwa kisu.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo linalonisumbua zaidi. Kwa mchezaji wa kulipwa sifa si mapambo tu, ni mkate. Katika Kenya wanawake wachache sana wameweza kuishi kwa mpira. Shikobe alipata kuichezea Oserian ya Naivasha, timu yenye jina la shamba la maua, na baadaye akavuka bahari kwenda klabu ya Lakatamia katika kisiwa cha Cyprus. Sasa linganisha njia mbili. Mfungaji huweza kusafiri kwa jina lake. Wakala wa mbali husoma gazetini kwamba amefunga mabao 20, akaandika barua kabla hajamwona. Beki hana tarakimu ya kutangulia mbele yake. Hapana budi aonekane kwa macho, tena katika michezo mikubwa, la sivyo hajulikani. Kila mchezo mkubwa unaofutwa humwibia beki shahidi.

Na michezo ilifutwa. Novemba 2021 serikali ya Kenya iliwaondoa viongozi wa shirikisho la mpira, na Februari 2022 FIFA ikaifungia nchi. Starlets, waliokuwa wakingoja kucheza na Uganda ili kufuzu fainali za Afrika za mwaka huo, waliondolewa katika mashindano, na Uganda ikapita. Kifungo kiliondolewa Novemba 2022. Wakubwa waligombana mezani. Miezi iliyopotea ilikatwa katika umri wa wachezaji. Sitoi hukumu hapa juu ya ugomvi wao. Nasema tu kwamba gharama yake ililipwa na watu ambao hawakuketi katika meza ile.

Linganisha na Onome Ebi wa Nigeria, beki pia. Yeye alichaguliwa katika vikosi vya Kombe la Dunia mara sita, tangu 2003 hata 2023, na klabu zake zilikuwa katika nchi nyingi, zikiwamo Uturuki, Sweden na Belarus. Miaka 20 ni mingi mno kwa miguu, lakini si mingi kwa akili, na beki hodari huzidi kutumia akili kadiri mbio zinavyopungua. Sidhani kwamba tofauti kati ya Ebi na mabeki wetu ni ya vipaji tu. Nigeria ilizidi kupeleka timu uwanjani, na Ebi akazidi kuonekana.

Hukumu yangu basi ni hii. Shikobe hakucheza Kombe la Dunia, na Olimpiki ilimponyoka. Lakini kati ya mabao 3 ya Ghana mwaka 2016 na dakika 210 za mwaka 2019 kuna kazi ambayo imefanywa na mtu, tena watu, na tarakimu ya mabao ya kufunga haiwezi kuisimulia. Oktoba 2025 Kenya iliitoa Gambia na kufuzu tena fainali za Afrika. Katika ushindi huo pia majina ya wafungaji yalitangulia midomoni mwa watu.

Siku ya mchezo shuleni kwenu, fanya jaribio hili. Simama pembeni mwa uwanja, uchague beki mmoja wa kike, umtazame yeye tu kwa nusu saa. Mpira uache uende utakako. Andika alisimama wapi, alimwita nani, na ni mara ngapi adui aligeuka akarudi kwa sababu yeye alikuwapo. Mchezo ukiisha, mwendee umsomee ulichoandika. Yamkini itakuwa mara yake ya kwanza kusikia kazi yake ikisemwa.