Kinjeketile na Hukumu Zetu

Mtu wa Rufiji akifika ugenini na kutaja kwao, mara nyingi huhukumiwa kabla hajaketi. Ikiwa ametoka Kibiti au visiwa vya delta, ni mamoja. "Hao ni waganga," husema watu, au neno baya kuliko hilo; na baadhi ya wasemao wametoka kanisani asubuhi ile ile. Kwa ajili hiyo napenda kuwaeleza wasomaji habari za mchezo wa kuigiza uitwao Kinjeketile, ulioandikwa na Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, ukapigwa chapa mwaka 1969. Haukuandikwa kwa ajili ya Wakristo, lakini watupima sana.

Kisa chenyewe chajulikana. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji ya kuwakinga na risasi za Wadachi, ndio Wajerumani. Alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa bado changa, nayo ikaendelea mpaka 1907. Siku kumi baada ya kunyongwa kwake, Askofu Cassian Spiss aliuawa karibu na Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Basi Mkristo akifungua kitabu hiki, hukumu anayo tayari mkononi: huyu ni mganga mwongo, na damu ya watumishi wa Mungu i juu yake.

Lakini mwandishi haanzi na mganga. Aanza na wanawake wazungumzao habari za njaa, na waume zao wametiwa kazini kwa nguvu katika shamba la mgeni. Askari wamchukua binti wa Kitunda, wala baba hana la kufanya. Ndipo Kinjeketile atokeapo mtoni. Mpango huo ni wa busara, maana msomaji ameonyeshwa kiu kwanza, maji baadaye. Hakuna aambiwaye kwamba maji yale yalikuwa na nguvu. Hayakuwa nayo, na watu wengi mno walikufa kwa kuyaamini. Kusema hivyo ni kusema kweli tu. Kuhukumu ni kukalia kiti cha Mungu na kunena kwamba moyoni mwa mtu yule hamkuwa na kitu ila hila. Bwana wetu alipofundisha juu ya boriti na kibanzi hakukataza kibanzi kutolewa. Alitaka jicho la mtoaji liwe safi kwanza.

Mwishoni Kinjeketile yu kifungoni, ashurutishwa kukiri kwamba maji ni uongo. Akataa, ijapokuwa mwenyewe ameingiwa na shaka, kwa kuhofu kwamba watoto wa kesho wataambiwa baba zao walikosea kupigana. Wako wauitao huo ukaidi. Mimi naona ni huruma, nayo ndiyo sehemu bora ya mchezo wote.

Hata hivyo nina lawama moja, nayo ni juu ya shaka ile ile. Mwandishi ameeleza wazi kwamba Kinjeketile wake ni mtu wa kubuni, wala simnyimi ruhusa hiyo. Lakini ametupunguzia kazi mno. Ni rahisi kumhurumia mganga awazaye kama sisi. Je, yule aliyeamini kwa moyo wote, asiye na shaka hata chembe? Jirani zetu wa ng'ambo ya mto hufanana na huyo zaidi, naye hatumkuti kitabuni. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha mjini Songea kwa mambo waliyoyatenda watu wa taifa lake. Taifa la walionyonga limeomba radhi, na huku kwetu aliyenyongwa angali akichekwa.

Mchezo si mrefu. Wafaa kusomwa kwa sauti, watu watano au sita wakigawana maneno, baada ya chakula cha jioni. Sehemu ya Kinjeketile apewe yule anayewadharau waganga kuliko wote.