Hakimu ni Watazamaji

Kutoka kwetu Kiseke hadi Bujora, kule Kisesa, si safari ya kutisha. Padri David Clement wa Kanada na Wasukuma wenyewe walianzisha makumbusho pale. Ngoma za watemi zimetengewa jengo. Nalisifu, lakini halitoshi. Bagika na Bagalu, vyama vyetu viwili vya ngoma, havikupimwa kwa vibao vya ukutani. Walicheza kwa wakati mmoja, wakigombea watazamaji, na waliovuta umati mkubwa ndio washindi. Basi alama kuu ya muziki wetu ni uwanja wa Bulabo, mwezi Juni. Anayeishia ndani ya jengo kaona mbao na ngozi tu, bwana. Nenda uwanjani, uchague upande!