Fidla Zinazongoja

Jana jioni kijana mmoja hapa nyumbani alishika simu akatupigia nyimbo kumi kwa muda wa wimbo mmoja. Kila wimbo ulipoanza kukolea, aliuruka. Waliponiacha peke yangu niliweka What Color Is Love, albamu ya mwimbaji Terry Callier ya mwaka 1972, nikauacha wimbo wa kwanza uende hadi mwisho.

“Dancing Girl” una dakika kama tisa. Mwanzoni ni gitaa na sauti tu, sauti ya mtu anayesimulia ndoto kabla haijamtoka. Fidla haziingii kwa kubisha hodi. Unashtukia zimo, chini kabisa, kana kwamba zilikuwamo chumbani tangu zamani. Kisha ngoma zinaamka, tarumbeta zinapanda, na yule aliyekuwa akinong’ona anapaza sauti. Mpango wote huo ni wa Charles Stepney, fundi wa kupanga muziki kutoka Chicago. Aliyezoea taarabu atamwelewa upesi: fidla zake zinamwitikia mwimbaji, na zikishamwitikia zinanyamaza. Huko kunyamaza ndiko kugumu. Mtu akipewa okestra nzima mkono humwasha, atake kuitumia yote. Stepney aliwaacha wapigaji wakae, fidla mapajani, hadi neno la mwimbaji liishe.

Naye mwimbaji alikuwa mtu wa kungoja. Katika ujana wake, aliposikia mpiga saksafoni John Coltrane akipiga, Callier aliacha jukwaa kwa muda kwa kuona kwamba hajaiva.

Albamu haikuuzwa sana. Stepney alifariki mwaka 1976, akiwa na miaka 45 tu. Miaka ya 1980 ilipoanza, Callier akaweka gitaa chini ili amlee binti yake, akajifunza kazi ya kompyuta, akaajiriwa na Chuo Kikuu cha Chicago. Walioifukua kazi yake ni madijei wa Uingereza, wala si wa mjini kwake Chicago. Mwaka 1991 wakamwita London, na akawa anakwenda kuwaimbia wakati wa likizo zake za kazini. Hilo la likizo huniuma kila nikilikumbuka. Sauti kama ile, ikisubiri siku za mapumziko!

Leo fidla nyingi tunazozisikia zimo ndani ya mashine. Hazina wapigaji wa kutazamana, hazichoki, na mpangaji halazimiki kumwambia mtu yeyote asubiri. Basi zinalia tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, na sisi tunauruka wimbo. Wale waliokaa studioni Chicago, wakihesabu kimya kabla ya kuinua fidla, majina yao hatuyataji kabisa.

Callier naye alifariki mwaka 2012. Jana usiku niliurudia wimbo wake mara tatu, nikitega sikio ninase pale fidla zinapoingia. Mara zote tatu nilizikuta zimeshaingia.