Sukari ya Saa Moja Asubuhi

Mliokuwa pale Marangu siku kijana mmoja alipotupikia mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, mliona wenyewe, kwa hiyo siku nzima siirudii. Ndizi zilichemshwa mpaka zikawa nyekundu, nyalu, yaani maji ya ndizi hizo yaliyochachuka, ikachujwa safi, kimea cha ulezi kilikuwa kimeota vizuri, na msesewe, gome la kutia uchungu, haukuzidi. Kazi nzuri. Naipitia haraka kwa sababu yote hayo yalikuja kuzamishwa na kilo mbili za sukari.

Mso, yaani uji wa kimea hicho, uliunganishwa na nyalu Ijumaa saa 12 jioni, lita 20 kwenye pipa la bluu la plastiki. Jumamosi saa 1 asubuhi yule kijana akafunua kifuniko, akakuta juu pametulia tuli kama chai iliyosahauliwa mezani. Povu hakuna. Akanigeukia mimi mzee.

"Meku, hii imekufa."

"Haijafa, mwanangu. Inasikia baridi."

Nadhani alisikia nusu ya kwanza tu. Sukari ikamiminwa, kisha pakiti ya hamira ya mikate ikanyunyizwa juu ikiwa kavu vilevile, hata haikuamshwa kwenye maji ya uvuguvugu. Watu wakapiga makofi. Mpaka leo sijajua walikuwa wanapongeza nini.

Kipimajoto kilikuwa kimebandikwa ubavuni mwa pipa, nacho kilionyesha nyuzi 16. Hapo ndipo palikuwa na jibu lote, na hakuna aliyeinama kulisoma. Chachu hufanya kazi kwa raha kati ya nyuzi 25 na 32. Kwenye 16 inajikokota, lakini haifi. Ya kuiua ni joto la kupita nyuzi 40 na kuendelea, yaani uji wa mso unaomiminwa ungali moto. Usiku wa Juni mlimani haujawahi kuua pombe ya mtu. Pipa lile lilitaka blanketi na kusogezwa karibu na jiko, basi.

Halafu hiyo hamira ilikuwa ya nini? Nyalu ile ilikuwa imekwisha kuchachuka siku nne kabla haijakutana na mso. Chachu ilikuwamo tele, hai, tena iliyokwishaizoea ndizi. Kuiongezea pakiti ni sawa na kukodi wapiga ngoma kwenye arusi yenye ngoma tatu. Ningemwelewa kama angekuwa ameanza na maji matupu ya ndizi yaliyochemshwa asubuhi ileile. Hapo kweli unasubiri, saa 12, pengine 24, kwa sababu chachu ikiingia kwenye utamu mpya huanza kwa kuzaana, na povu hulioni mpaka idadi itoshe. Wanaoanza wengi huvunjikia moyo kwenye ukimya huo. Lakini huyu hakuwa huko.

Kinachoniuma zaidi ni haidromita, kipimo ambacho namba yake hushuka kadiri chachu inavyokula sukari. Alikuwa nayo! Ijumaa jioni aliitumbukiza mbele yetu kwenye sampuli iliyochujwa, ikasoma 1.040, akaandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri. Asubuhi ilibaki mfukoni. Povu ni umbea. Linaweza kukosekana kwa sababu uji ni mzito. Haidromita haina umbea. Kama ingesoma chini ya 1.040, kazi imeanza, funika ukanywe chai. Kama ingebaki palepale, unapasha pipa joto kisha unapima tena baada ya saa tatu. Alipomimina sukari aliharibu hata ushahidi. Kilo 2 ndani ya lita 20 ni gramu 100 kwa kila lita, na hizo peke yake zinapandisha kipimo kwa takriban pointi 38. Tangu dakika ile, namba ya Ijumaa ikawa pambo la daftari.

Sukari hiyo ikiliwa yote inaongeza asilimia 5 na zaidi ya kilevi. Ikiliwa yote! Katika ubaridi ule hiyo ni kazi ya siku kadhaa, na kata zilianza kuzunguka saa 8 mchana.

Najua tabia hii inatoka wapi, nami nimeilalamikia hapa mpaka mhariri amechoka. Ni mkono wa mpika gongo. Yeye kangara yake, yaani pombe kabla ya kuingia mtamboni, haionji mtu. Anachotaka ni kilevi kingi upesi, ladha ataiacha chini ya mtambo. (Tena gongo ni haramu, tusijisahaulishe.) Mnywaji wa mbege anakunywa kangara yenyewe, pamoja na makosa yake yote. Na wale wanaoniuliza kila mara kama pombe ya ndizi hupofusha, nawajibu tena: ndizi ikichacha hutoa methanoli, ile sumu ya kupofusha, kidogo mno. Makumi ya watu waliokufa Kenya Mei 2014 waliuawa na methanoli iliyotiwa ndani ya pombe. Ndizi haikuhusika.

Kutazama kabla ya kutia mkono si jambo jipya. Mwaka 1856, Louis Pasteur akiwa profesa wa kemia mjini Lille, Ufaransa, aliitwa na mwenye kiwanda cha pombe kali ya kiazisukari ambaye matangi yake yalikuwa yanachacha ovyo. Pasteur hakuongeza kitu tangini. Alichota kidogo kutoka kwenye tangi zima na kidogo kutoka kwenye lililoharibika, akaweka chini ya hadubini. Kwenye lile zima aliona vichembe vya mviringo. Uharibifu ulipoanza vilirefuka, na uchachu wa maziwa ulipotawala vikawa virefu kabisa. Tangu hapo mwenye kiwanda akawa na njia ya kujua tangi lipi linaumwa kabla hajaligusa.

Bibi yangu kule Kibosho hakuwa na hadubini. Alikuwa na sikio. Aliliegemeza kwenye ubao wa pipa na kusikiliza, kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani, na akisikia ule mtokoto mdogo alituambia tuondoke. Pipa la plastiki hulisikilizi namna hiyo, wala halihifadhi chachu ya juzi kama zifanyavyo nyufa za mbao. Hilo nalo nimelisema mara ngapi?

Saa 8 mliionja. Tamu kama soda, nzito, na harufu ya mkate mbichi juu yake. Mzee mmoja aliyekaa jirani yangu alikunywa nusu, akairudisha kata chini polepole, akauliza kama kuna chai.

Sikuwaambia jambo moja siku ile, kwa kumstahi kijana. Kabla ya sukari kuingia nilikuwa nimejichotea kata moja kutoka pipa lilelile, nikaifunika kwa jani la mgomba na kuiweka karibu na mafiga, mahali ambapo mkono unavumilia. Saa 5 jani lilikuwa limeinuliwa na povu. Niliazima haidromita, nikachuja, nikapima: 1.031. Nilipomrudishia aliitazama namba, akatazama pipa, kisha akaniomba kilichobaki kwenye kata.